Kwenu Kabisa

Alhamisi, baada ya isha

Na bado nina hasira. Yule bwana hajamaliza hata mwezi tangu ahamie Kahama kufuata kazi ya mgodini, lakini leo kaegemea kaunta ya duka langu la vipuri, akanisifu eti kwa Mhindi nakijua Kiswahili vizuri sana. Kisha akauliza, "Kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa Kahama."

"Hapana mzee, kwenu kabisa."

"Nyuma ya soko, nyumba yenye geti la bluu."

"Namaanisha asili yako."

"Wodi ya wazazi."

Mama Neema wa duka la jirani alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia yule bwana kwa Kisukuma kwamba babu yangu amezikwa hapa, hakuelewa hata neno. Nikampa plagi ya pikipiki aliyonunua mkononi, bila mfuko. Ndicho kisasi nilichoweza.

Jioni nikawa nawasimulia nyumbani, najiona shujaa. Nilipomaliza, binti yangu Zahra akasema kuna mtu anataka kuleta wazee wake Jumapili, waje na posa. Ni Ramadhani Masanja, fundi umeme. Namfahamu vizuri. Kijana mstaarabu, kila Ijumaa tunaswali safu moja.

Sijui ilinitokaje.

"Lakini mwanangu, kwao ni wapi?"

"Didia, Baba," alijibu huku akinimiminia chai. "Au unauliza kwao kabisa?"

Chai haikuwa na sukari. Nimeinywa hivyo hivyo.