Mawe ya Kariandusi

Nakuru, 3 Juni 1957

Kaka Naftaly,

Natumaini kikohozi kimekuachia. Sisi tu wazima, mama anakusalimu, na mbuzi amezaa.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Ile insha yangu iliyoshinda shuleni, ya mahali pa kutembelea katika wilaya yetu, niliiandika kama mtu aliyefika kwenye makumbusho ya mawe ya kale huko Kariandusi. Sijafika. Kila neno nililitoa katika barua zako: makabati ya kioo, ngazi mia moja, fuvu la simba. Sasa Mwalimu Kosgei amepata lori. Jumamosi tarehe 29 darasa lote litakuja huko, na mimi ndiye nitakayewatembeza. Nilitaka kukataa, nikajikuta nimeitikia.

Wewe unawaongoza wageni kila siku. Niandikie: makabati ni mangapi? La kwanza lina nini? Tafadhali usikawie.

Mdogo wako,
Wariara

Gilgil, 10 Juni

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Kikohozi kipo tu. Huku mvua ni nyingi na kazi ni nyingi. Makabati pia ni mengi. Msomi kama wewe hatashindwa. Mwambie mama nikipewa pasi ya kusafiri nitakuja.

Kaka yako

Nakuru, 14 Juni

Kaka,

Hatujambo, na wewe?

"Mengi" si hesabu. Nilikuuliza maswali mawili, ukanijibu mvua. Zeddy wa darasani kwetu ameanza kuniita Bibi Makumbusho, na ananiuliza mbele ya wenzake ngazi zile zinashuka kwenda wapi. Sijui. Mwalimu anataka nichore ramani. Nimefuta karatasi hadi imetoboka. Kama una hasira nami, sema. Kama hutaki tuje, sema pia, lakini sema.

Wariara

Nakuru, 21 Juni

Kaka,

Wiki imepita. U mzima?

Mdogo wako

Gilgil, 25 Juni

Wariara,

Nimempa barua hii dereva wa lori la maziwa, labda itakuwahi.

Sifanyi kazi makumbusho, na sijawahi kuingia. Ninachimba udongo mweupe katika shimo la jirani. Magari ya wageni hupita juu yetu. Mama alikwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe anavaa viatu kazini, nami nilipenda ulivyokuwa ukiniuliza. Kila ulipouliza, nikaongeza. Fuvu la simba nililitunga usiku mmoja tu.

Ukija, usinitafute.

Kaka yako

Nakuru, 30 Juni

Kaka,

Salamu kutoka kwetu sote. Kikohozi chako sasa nakielewa.

Barua ilifika Ijumaa. Nilikasirika hata sikula. Si kwa sababu ya kazi yako, ni lile fuvu. Nililiandikia aya nzima.

Tulipofika, Mwalimu Kosgei aliniita mbele. Nikasema, "Mwalimu, mimi sijawahi kufika hapa. Insha ile si ya kweli." Zeddy akacheka, peke yake. Mwalimu akauliza ni nani aliyenieleza yale yote. Nikamwambia ni kaka yangu, anachimba pale chini. Akasema kamusi niliyozawadiwa kwa insha ile niirudishe Jumatatu.

Mzee anayelinda mahali pale ndiye aliyetutembeza. Hakuna kabati hata moja. Mawe yamelala chini pale pale yalipoachwa na walioyachonga, kama viazi vilivyosahauliwa shambani. Mengine ni meusi, yanang'aa kama chupa, na makali yake bado yanakata. Nakueleza kwa sababu uko hatua chache tu kutoka pale na hujayaona.

Wakati wa kurudi lori lilipita juu ya shimo lenu. Ulinikataza, lakini nilisimama nikaita jina lako kwa nguvu, mimi ambaye hata darasani sisikiki. Wote mlikuwa weupe kwa vumbi, kichwa hadi miguu, nikashindwa kukujua. Watu watatu waliinua mkono.

Niliwapungia wote watatu. Halafu niliketi, nikatoa daftari, nikaanza insha upya. Mahali pa kwanza nimeandika shimo lenu.

Mdogo wako,
Wariara