Talaka Yangu na Ng'ombe Walio Zizini Kwako

Segese

Kaka yangu Baba Shija,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo unapenda. Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba? Mvua huko Maswa zimewafikia, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Sisi huku tu wazima. Kabula amepona malaria na amerudi shule. Mimi bado napika ugali na dagaa pale kwenye makarasha wanakosaga mawe ya dhahabu. Vumbi limekuwa kiungo cha mboga, lakini hatulali njaa.

Nimekupigia simu hupokei. Nikapiga kwa namba ya jirani yako, uliposikia sauti yangu ukakata. Basi naandika, maana barua haikatwi. Nimempa Mama Neema, jirani yangu hapa, anayekuja huko kwenye msiba wa shangazi yake. Nimemwomba aisome kwa sauti, mama akiwa amekaa hapo hapo. Kwa hiyo kama unataka kuinuka ukaangalie ng'ombe, kaa kwanza. Ni hao hao ng'ombe ninaotaka tuwazungumze.

Mnajua kwamba Baba Kabula alihama hapa akaenda kuishi Masumbwe na mwanamke mwingine. Nililia mpaka nikachoka kulia, nikaendelea kupika. Baada ya mavuno akaja na pikipiki yake, nikamchemshia chai, tukaongea vizuri kuliko siku zote tulizolala kitanda kimoja. Alitaka tuachane kwa amani. Na mimi nilitaka hivyo hivyo.

"Mama Kabula," akasema, "mambo ya mawakili ya nini? Wakili ni wa watu wanaogombana. Sisi tunakwenda baraza la kata, wanaandika kwamba wameshindwa kutupatanisha, tunapeleka mahakamani, kwisha."

Nikaona anasema kweli. Mama Neema huyu anayekusomea aliachana na mumewe kwa njia hiyo, bila wakili, wakapanda gari moja kwenda na moja kurudi. Tukapatana kwamba nyumba ya hapa ni yangu, shamba la Masumbwe ni lake. Kuhusu Kabula sikuuliza. Tangu aondoke, ni mimi ninayemlisha, ninayemvisha, ninayemlaza. Nilidhani hilo halina swali.

Tukaenda baraza. Wazee wakatuuliza kama kweli hatuwezi kurudiana, tukasema hatuwezi. Wakatusihi kidogo, kama desturi, tukakataa. Mwenyekiti akataka kujua kama kuna jambo ambalo hatujapatana. Nikasema hakuna. Akauliza, "Na mtoto?"

Baba Kabula akajibu kabla sijafungua mdomo. "La mtoto nilishalimaliza na shemeji yangu Maswa. Mimi sidai ng'ombe wa mahari hata mmoja. Wabaki kwao. Mtoto anakuja kwangu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kama watu waliosikia bei ya haki mnadani. Mmoja akamsifu, akasema mkwe kama huyo ni adimu. Mimi nimekaa pale nikijaribu kuelewa. Nilikuwa nimesikia kwako, ulipokuwa bado unapokea simu, kwamba hadai ng'ombe, nikamshukuru, nikamwona mwema. Kumbe hadai kwa sababu wewe umeshamlipa, na ulichomlipa ni mtoto wangu.

Halafu akaongeza, akicheka, kwamba shemeji naye hatapoteza, maana Kabula akiolewa, mjomba atapata ng'ombe wake wa mjomba katika mahari. Mzee mmoja akauliza binti ana umri gani.

"Yuko darasa la sita," baba yake akasema. "Lakini ni mrefu."

Kaka, lakini ni mrefu. Yule ni baba yake mzazi anasema hivyo, mbele ya watu wenye mvi, na hakuna aliyemkemea. Walimtazama Kabula akilini mwao kama mnavyomtazama ndama jike. Nilitoka nje nikashika ukuta. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nasikia kinyaa. Sikujua kwamba binadamu anaweza kumchukia mtu wake wa karibu namna hii, na simsemi Baba Kabula peke yake.

Nikarudi ndani nikasema mimi sikubali. Mwenyekiti akakunja uso, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, si umesema mmepatana?"

"Tumepatana kuachana. Mtoto sikuulizwa."

"Kwenu wamepatana."

"Basi waachane wao."

Nashukuru kwamba waliandika, kwa shingo upande, kwamba wameshindwa kutupatanisha na la mtoto lina ubishi. Mjumbe mmoja mwanamke akanifuata njiani. Akaniambia, "Mkipatana yote, wakili wa nini, ni kutupa hela. Lakini mwenzako ameshamweka mtoto mezani. Hapo usiende peke yako, mayu. Na usishikwe na wale wenye mikoba wanaozurura nje ya mahakama. Vishoka wale, hawajui sheria wala aibu."

Nikaenda Kahama, na kweli mmoja alinidaka kabla sijafika mlangoni. Koti limemzidi, kiatu kimepasuka. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama baba yake mtoto ana ng'ombe wengi, ili ajue atamla nani, mimi au yeye. Nilimwambia anipishe. Kila ninayekutana naye siku hizi anauliza ng'ombe. Nimechoka na huyo mnyama, hata maziwa yake yamenishinda.

Wakili wa kweli nilimpata baada ya kuulizauliza kwa akina mama wa kanisani. Ni binti mdogo kwangu, haongei sana. Nilianza kumweleza habari za mahari, akanisimamisha kwa mkono. "Ng'ombe tuwaache kwanza. Mtoto analala wapi? Anasoma wapi? Nani anamlisha, nani alimpeleka hospitali alipougua?" Nikamjibu. Akasema mahakama haimgawi mtoto kwa hesabu ya mifugo, inaangalia ni wapi mtoto atakuwa salama. Akasema pia, na hili nalipenda, kwamba kama tungekuwa tumepatana mambo yote angenirudisha nyumbani na hela yangu. "Talaka yenyewe mtapata hata bila mimi," akasema. "Mimi nakuja kwa ajili ya Kabula." Akafungua shauri mahakama ya wilaya. Nimeuza kabati na cherehani, na sijutii.

Sasa wewe. Najua ulichoogopa. Nusu ya ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu ndio waliokutolea mke, waliobaki wako zizini kwako. Wakidaiwa wote, ungelazimika kuwadai wakwe zako, nao wangebweka, na wifi angeyumba nyumbani kwake. Hilo nalielewa kabisa. Ungenipigia ukasema, dada, ng'ombe wakirudi nyumba yangu inavunjika, ningesema tutafute njia. Ningepika hata kwenye makarasha mawili. Wewe ni kaka yangu, ulinibeba mgongoni tukivuka mto kwenda shule. Lakini hukupiga. Ulikaa na mwanamume aliyenitupa, mkanywa pombe yenu, mkamaliza. Na ukakubali na fungu la mbele, la siku Kabula atakapotolewa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakung'uta nguo za watu wengine.

Mama, kama unasikia, sijui kama walikuambia. Naomba Mungu uwe hukuambiwa. Kama uliambiwa ukanyamaza, basi usinijibu, niache niendelee kudhani hukujua.

Kaka, Baba Kabula amekuandikisha kuwa shahidi wake. Ameiambia mahakama kwamba wewe, mkubwa wa ukoo wetu, utathibitisha kuwa mtoto alitolewa kwa hiari ya kwetu. Wito utakufikia kwa mtendaji wa kijiji. Wakili wangu anasema ukisema hivyo utanisumbua, lakini hutanimaliza, na kwamba hakimu atamsikiliza Kabula mwenyewe. Mimi sikukatazi kuja. Njoo. Nauli ukikosa mwambie shemeji yako, nyinyi hamshindwani.

Msalimie wifi yangu, mke wako, mwambie sina neno naye wala sitawagusa ng'ombe wa nyumba yake. Msalimie baba mdogo anayechunga, na Shija, mwanao mkubwa, mwambie asome. Mke wa marehemu kaka yetu mpe pole kwa jino. Mama mshike miguu kwa niaba yangu, kama mikono yako bado inafaa kwa kazi hiyo.

Jana Kabula alikuwa anaosha sufuria, akaniuliza kama ni kweli mjomba anakuja mahakamani. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi, maana anakupenda, anakumbuka ulivyomchongea kigari cha mti. Akaendelea kusugua, kisha akauliza, "Mama, mjomba atakaa upande wetu au upande wa baba?"

Nimemwambia nitakuuliza.

Dada yako,
Minza, Mama Kabula