Tarumbeta la Mchungaji Lemuel

Bluefields, Jumatatu ya Pasaka

Mpwa wangu Darneth,

Huku tu wazima, mkate wa nazi upo, na mjomba wako bado ndiye mwenye kifua kipana kuliko wote pwani hii.

Jana alfajiri tulikwenda makaburini kumpigia Mchungaji Lemuel wimbo wa Ufufuo, maana ndiyo Pasaka yake ya kwanza tangu tumzike. Tarumbeta lake nililibeba mimi. Unakumbuka alivyotufundisha mimi na wewe: sali kwanza, vuta pumzi, majivuno tia mfukoni. Nilipuliza, Darneth, mpaka kaa wakatoka mashimoni wakidhani ni siku ya hukumu!

Ubeti wa pili pumzi ikaniishia. Mjane wake, Bi Alvarine, akanigeukia: “We Orvil! Mdomo wote huo, kumbe ndani hamna upepo?”

Watu wakacheka pale pale kaburini. Kisha yeye mwenyewe akaupokea wimbo kwa sauti, sote tukamfuata mpaka jua likachomoza. Marehemu angefurahi, maana alipenda kanisa liimbe kuliko sisi tupulize.

Daktari anasema ni mapafu, nisipulize tena. Madaktari nao! Lakini tarumbeta lile halifai kunyamaza Pasaka ijayo, na mwanafunzi wake mwingine aliyebaki ni wewe tu. Bi Alvarine amekubali. Njoo mapema ufanye mazoezi. Siku hiyo nitasimama kando yako, nikiwaambia watu kwamba nilikufundisha mimi.

Ni mimi mjomba wako, asiye na mfano,
Orvil