Usiku wa Ijumaa Dukani kwa Ami

Jumamosi, 14 Machi 2009

Nimelipata kosa! Nimelipata!

Ami, ndugu yake baba, alishasema kompyuta ya duka lake la halua itauzwa leo kama ripoti itaendelea kumdanganya. Kila nikichuja mauzo ya Ijumaa, jumla inakuwa kubwa mno, naye anapika halua nyingi inayomlalia.

Asubuhi nzima niliilaumu fomula yangu. Ndani ya chujio linaloteua mauzo ya siku moja niliweka kigeu, ile nafasi ya kubadilishia siku. Nikakiondoa, nikaandika mwenyewe "Ijumaa". Jumla ileile! Basi kigeu hakina kosa. Nikafungua mauzo yenyewe, moja moja. Siku huandikwa na muuzaji, tarehe kompyuta hujiwekea. Na mengi ya "Ijumaa" yalikuwa na tarehe ya Alhamisi.

Nikajikaza, nikamuuliza Bi Zuwena anayeuza jioni.

"Ya Alhamisi baada ya magharibi, halua inaponunuliwa zaidi, naandika Ijumaa," akasema. "Si ushaingia usiku wa Ijumaa? Au huko skuli hawakufunzeni?"

Ami alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari. Kweli, hata mama huhesabu hivyo! Nikalifanya chujio lifuate tarehe, na jumla ikashuka papo hapo.

"Haiuzwi," Ami akasema. "Kesho Jumapili nakupa ufunguo wa chumba cha kompyuta, uiangalie wewe."

Usingizi hauji. Lakini kwa hesabu ya Bi Zuwena, Jumapili imeingia tangu magharibi. Ufunguo ushakuwa wangu!