Macho Yamekwisha, Wananiambia Niache Kazi kwa Heshima

Mpendwa mshauri, msaada nitauomba mwishoni, kwanza niruhusu nikasirike, maana nyumbani nikikasirika naambiwa ni umri na kazini nikikasirika naambiwa nikapumzike, na barua hii anayeiandika ni binti yangu wa pekee, msusi, mimi nasema yeye anaandika, kwa sababu macho yangu siku hizi hayapo vizuri.

Mimi ni mshonaji katika karakana ya serikali inayoshona sare, mashuka ya hospitali, makoti ya walinzi, chochote wanacholeta, na nimekaa kwenye mashine tangu binti huyu anatambaa, na kila mwezi mchango wa mfuko wa pensheni umekatwa kwenye mshahara wangu, nilalamike nisilalamike. Sasa ni miaka michache macho yanachoka. Daktari alisema ni presha ya macho, akaniandikia dawa ya matone, akasema kilichokwenda hakirudi, tunalinda kilichobaki, na mimi nikaona aibu hata kumwambia mume wangu, nikasema ni vumbi la vitambaa.

Kazini aliyejua ni mwenzangu wa mashine ya pembeni, tunamwita Mama Pacha, na huyo Mungu ambariki, akaanza kunitungia uzi kila asubuhi, kitambaa cheusi kikija kwangu anakivuta yeye na kunisukumia mashuka meupe, mshono ulionyooka naufuata kwa kidole, na kwa kidole nashona kuliko wengine wanavyoshona kwa macho, ila majuzi sindano ilipita kwenye kidole chenyewe, damu ikaenda kwenye shuka, na Mama Pacha akalikunja akalificha kabla msimamizi hajafika.

Na kuna lingine. Kila mwaka wanakuja watu wa afya kutupima, wanatundika lile bango la herufi, na mara ya mwisho Mama Pacha alinitangulia kwenye foleni, akazisoma kwa sauti kama anahubiri, mimi nyuma yake nikazishika kichwani, zamu yangu ilipofika nikazitiririsha mpaka zile ndogo za chini kabisa, mpimaji akanisifu. Kwa hiyo kwenye faili nina macho ya mwewe. Siku hiyo tulicheka, sasa sicheki.

Msimamizi wetu, tunamwita Bwana Rula kwa kuwa rula haimtoki mkononi, ameshtukia. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniita pembeni akaniambia kwa sauti ya msibani, "Mama, umefanya kazi kubwa. Lakini pensheni huwezi kupata, umri hujafikisha, na mafao ya ulemavu ni ya watu waliokatwa na mashine, wewe umechoka macho tu. Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi utoke kwa heshima, tutakufanyia na kijisherehe." Kwa heshima! Wenzangu wameshachangishwa, keki imeshaagizwa, na mimi nimeinamia mashuka nasikia wakinong'ona kama keki ya kunifukuzia iwe ya maziwa au ya chokoleti.

Mume wangu ndiye aliyemaliza kunichosha. Anataka niache Ijumaa hii hii, nijitoe kwenye mfuko, nichukue michango yangu yote kwa mkupuo, anunue pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na rangi ameshachagua. Nikimwambia nimesikia kuna mafao ya ulemavu ananijibu, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mke wangu. Hayo utaomba baadaye, kwani yanaoza?" Kisha akaongeza, "Unataka watu waseme nimeoa kipofu?" Mshauri, katika ndoa yetu yote sijawahi kumrushia kitu, siku hiyo nilimrushia kikombe, na kwa sababu ya haya macho nikamkosa.

(Mshauri, mimi binti naingilia. Mama amenikataza nisiandike hili, naandika. Haoni. Juzi alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni akidhani ni jirani, akaliuliza habari za watoto. Na ile barua ya kuacha kazi nimeiandika mimi, kwa amri ya baba. Iko kwenye mkoba wa mama, imeshasainiwa. Nilimshika mkono nikamwonyesha pa kusaini. Nikikumbuka natamani kujipiga makofi.)

Anaandika nini muda wote huo, mimi nimenyamaza? Basi ninachouliza ni hiki. Nikisema ukweli ili nipimwe, si wataona nilidanganya kwenye zile herufi, wanifukuze mikono mitupu, na Mama Pacha naye afukuzwe kwa ajili yangu, na wale pacha bado wako shuleni? Au nitoke kimya kimya Ijumaa, nile keki, nikae nyumbani nisikilize pikipiki ikipita? Nina hasira, na mikono ndiyo niliyobakiwa nayo.

Mshonaji

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu mshonaji, barua yako niliisoma nimesimama, kukaa nilishindwa. Bahati nzuri binti yako ameweka namba ya simu, nikampigia papo hapo nikamwambia moja tu: ile barua isitoke kwenye mkoba. Yaliyobaki nayaandika hapa gazetini kwa sababu najua wako wengine huko wanaoagiziwa keki.

Hasira unayo haki nayo, ila umeigawa vibaya. Mume amerushiwa kikombe, Bwana Rula hajarushiwa hata neno, na wewe mwenyewe umejisamehe kabisa. Tuanze na wewe. Barua nzima macho yanachoka, macho hayapo vizuri. Neno lenyewe amelisema binti, tena kwa wizi. Mficha uchi hazai, dada. Umewaficha mume, msimamizi na wapimaji, na sasa unashangaa kwamba hakuna anayekujua kuwa ni mgonjwa! Nakuonea huruma, na bado nakugombeza, yote mawili yanawezekana.

Nimeongea na mzee mmoja aliyeshughulikia mafao ya watu mpaka naye akastaafu. Kila mfuko una sheria zake, kwa hiyo miaka na miezi kamili ukaulize dirishani kwenye mfuko wako, na uulize wewe, si mume. Lakini kwa ujumla mambo yamekaa hivi. Pensheni ya uzee inangoja umri. Hapo Bwana Rula amesema kweli, na uongo mbaya ni huo unaochanganywa na kweli kidogo. Mafao ya ulemavu hayangoji umri. Yanataka kujua kama umechangia muda unaotakiwa, na wewe umechangia tangu mtoto anatambaa. Yanataka bodi ya madaktari ithibitishe kwamba kazi huiwezi tena. Na yanataka kujua kama maradhi yalikukuta ukiwa bado mfanyakazi. Hayajali umekatwa na mashine au umeugua. Aliyeumizwa na kazi ana fidia yake, hilo ni dirisha jingine kabisa, na ajabu ni kwamba msimamizi wa karakana nzima hajui tofauti, au anajua na amekaa kimya ili asisumbuke na makaratasi.

Sasa sikiliza vizuri. Ukiipeleka ile barua Ijumaa, Jumatatu wewe si mfanyakazi aliyeshindwa na maradhi. Ni mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na sahihi yake ipo. Siku utakayokwenda kuomba watakuuliza, "Mama, kama ulikuwa huoni, mbona hukusema wakati uko kazini?" Na ukishachukua michango kwa mkupuo ndiyo umejitoa, umefunga mlango na ufunguo umeuacha ndani. Mumeo anasema mafao hayaozi. Yanaoza! Hata anayestahili amewekewa muda wa kuyaomba, na ukipita anabaki kubembeleza watu kwenye korido.

Bwana mwenyewe nina neno naye, binti amsomee kwa sauti. Ni kweli fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini fimbo ya mkeo iko mkononi mwake, wewe ndiye unayetaka kuichoma iwe kuni. Riziki ya kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake uibadilishe na pikipiki itakayodai tairi kabla hujaizoea? Usiache mbachao kwa msala upitao. Na hilo la kuoa kipofu, ona haya. Mwanamke aliyeilisha nyumba yako kwa ncha ya kidole hana cha kukuaibisha. Kikombe sikiungi mkono, dada. Sikiungi mkono sana.

Turudi kwenye zile herufi. Ulidanganya, silipambi. Na uliyemdanganya zaidi ni wewe, maana umejiwekea kwenye faili ushahidi wa kukupinga. Lakini bodi haitakupima kwa bango la ukutani peke yake. Wana vyombo vya kutazama ndani ya jicho, na presha ya macho haikaririki. Kadi yako ya kliniki ina tarehe ulizopewa matone, itaeleza yenyewe umeanza lini. Wakiuliza kuhusu upimaji wa mwaka jana, jibu kwamba ulizishika kichwani kwa kuogopa kufukuzwa. Utaona aibu kwa muda wa kumeza mate, basi.

Mama Pacha ana moyo wa dhahabu, na mimi ningempenda kwenye mashine ya pembeni yangu. Alisoma herufi zake kwa sauti, na kusoma kwa sauti si kosa. Kukutungia uzi nako si kosa la kumfukuzisha mtu, ni ushahidi. Anayetungiwa uzi kila asubuhi ni mtu ambaye kazi yake haiwezi tena bila jicho la mwenzake, na bodi inahitaji kusikia hilo hilo. Mwulize kama yuko tayari kulisema. Akiogopa mwache, amekutendea ya kutosha, utalisema mwenyewe bila kumtaja. Ninachomlaumu ni lile shuka. Sindano ikipita kwenye kidole kazini, inaripotiwa siku hiyo hiyo, haikunjwi ikafichwa. Upendo wa namna hiyo ndio uliokaribia kukutoa mikono mitupu.

Kwa hiyo, binti, ukimaliza kusoma sentensi hii ichane ile barua, na usiombe ruhusa ya mtu. Kisha mshike mama mkono mwende kwa yule daktari wa macho, mumwombe taarifa ya maandishi: ugonjwa gani, tangu lini, na kama anaweza kukaa tena kwenye mashine. Andika ombi la mama kupelekwa mbele ya bodi ya madaktari kwa ajili ya kustaafu kwa sababu za kiafya. Ofisini likapokelewe, nakala yenu igongwe muhuri, na nakala hiyo msiiache nyumbani kwa baba. Wakati mnangoja majibu, dada, usiguse mashine. Omba likizo ya ugonjwa. Aliye kwenye likizo ya ugonjwa bado ni mwajiriwa, na bado ana kidole.

Na siku ya bodi ikifika, nakuomba kwa magoti, usijikaze. Nawajua ninyi watu wa kazi, mkiulizwa hali mnajibu "nzuri tu" hata mkiwa mmebebwa. Usivae ushujaa siku hiyo. Wakikuonyesha kitu usichokiona, sema sioni, kwa sauti, mbele ya watu usiowajua. Ukiwaonyesha ushujaa watauandika huo huo, na utarudi nao nyumbani peke yake.

Ijumaa nenda karakanani kama kawaida. Mwite Bwana Rula mbele ya wenzako, mpe ombi la kupimwa, mwambie huachi kazi, unaumwa. Akikuuliza barua aliyokuagiza iko wapi, mwambie mimi nimekukataza kuileta, na kama ana swali zaidi namba ya dawati langu iko chini ya ukurasa huu. Anipigie. Kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa nimekaa hapa namsubiri.