Mkonga na Sanduku

3 Machi 1986

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kazi ya nyaya inakwenda vizuri. Huku sote wazima. Hatujawahi kuandikiana, anwani yako nimepewa na mama. Kasema fundi wa simu katika ukoo ni wewe tu, niandike mwenyewe.

Babu amekubali kuiazima shule yetu simu yake ya vita, iwekwe kwenye kabati la vioo. Mwalimu wa historia anataka kadi yenye jina la simu, nchi na mwaka. Babu anasema aliiokota kwa Wajerumani alipokuwa mbeba nyaya jeshini. Ni sanduku jeusi la plastiki ngumu, lina mpini wa kuzungusha upande wa kulia, na mkonga wa kusikilizia na kusemea umelala chini ya mfuniko. Nilipomwambia nitakuuliza wewe, alisema, "Huyo atakwambia nimeinunua dukani." Akaingia chumbani. Sikuelewa.

Mpwa wako

12 Machi 1986

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha nguzo nilizopanda.

Babu yako hakukosea, nilikwisha kusema hivyo. Nilikuwa nimetoka tu chuo cha simu. Nikafungua mkonga mbele ya wageni wake, nikasoma mwaka ulioandikwa kwenye kidude cha kusemea kilichomo ndani yake: 1957. Vita vilikwisha 1945. Nikawatangazia kwamba simu imenunuliwa dukani. Akanionyesha mlango. Ni miaka kumi na moja sasa sijakanyaga hapo.

Lakini kadi ya shule haiandikwi kwa kumbukumbu zangu. Fungua sanduku lenyewe, mimi sikulifungua. Usizungushe mpini huku umeshika sehemu za kufungia waya, utapigwa shoti. Tafuta "FF 33", alama ya simu za jeshi la Ujerumani, na karibu yake herufi tatu ndogo za kiwanda na mwaka. Niandikie unachoona, si unachotaka kuona.

Mjomba wako

20 Machi 1986

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama anasema ulale chini, si kwenye godoro laini.

Tulilegeza skrubu, mama akizipanga kwenye sahani. Nimeona "FF 33", muhuri mdogo wa tai, herufi tatu ndogo na 41. Ndani ya mfuniko kuna jedwali la herufi kwa Kijerumani. Kisha nikafungua mkonga: 1957, kama ulivyosema. Hata weusi wake si mmoja; sanduku limefifia, mkonga unang'aa.

Nikamuuliza Babu. Akasema, "Wa kwanza ulianguka ukapasuka. Huu niliupata kwa muuza vyuma chakavu."

"Mbona hukumwambia Mjomba siku ile?"

"Aliniuliza? Aliwaambia wageni kwanza."

Kwa hiyo hakuna aliyesema uongo. Mjomba, utakuja? Mwalimu amesema kadi inaweza kungoja mpaka muhula uishe.

Mpwa wako

28 Mei 1986

Mpwa wangu,

Hujambo? Mgongo umepoa, sina cha kusingizia kwa kuchelewa kwangu. Nimeanza barua tatu na kuzichana.

Mikonga hubadilishwa kila siku. Mimi mwenyewe nimebadilisha mamia. Mwaka wa simu ya aina hii husomwa kwenye sanduku, na hilo nililijua hata siku ile. Ila nilikuwa na cheti kipya, na watu walikuwa wananisikiliza.

Andika: simu ya jeshi la Ujerumani, FF 33, sanduku la 1941, mkonga wa 1957. Halafu msomee Babu haya: "Nilisoma kipande nikahukumu kitu kizima. Nimekosa, Baba."

Mjomba wako

4 Juni 1986

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo wote, na Babu hajambo kupita sisi.

Nilimsomea barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sijasikia." Nikarudia kwa sauti, hata jirani akachungulia dirishani. "Bado sijasikia. Mwambie aje aseme mwenyewe, na wageni wawepo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, wewe unasikia sufuria ikifunuliwa jikoni!"

"Sufuria haijanikosea," akasema Babu.

Amekwisha kuwaalika watu Jumamosi, tarehe 14. Nilimwambia hujajibu kama utakuja. Akaniambia niongeze kiti kimoja.

Basi la kutoka huko linafika saa nane mchana. Nimeuliza.

Mpwa wako