Ubingwa Niliotangaza, Goti Nililolitoa

Jumapili, manyunyu tangu alfajiri. Wanasema baridi imeisha. Mimi bado nimevaa soksi mbili mbili.

Leo ligi ya Ubelgiji imekwisha. Mdomo wangu umechacha kama maziwa ya juzi, na mnanijua, mdomo huu haujawahi kukosa la kusema.

Wageni wa ukurasa huu niwaeleze. Idrisa ni mtoto wa dada yangu. Nimemlea mimi Morogoro tangu ana pengo la meno ya mbele, na sasa anacheza mpira Ubelgiji, ligi kuu kabisa, winga wa kulia. Mpira wenyewe siujui sana, shule niliishia darasa la nne. Lakini msimu huu kila siku ya mechi sebule yangu hapa ughaibuni, Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, ilijaa. Kwao mchana, kwetu asubuhi, basi chai ya tangawizi, chapati, kelele. Tumeongoza tangu majani yanadondoka mpaka theluji inayeyuka. Nikipita kwenye korido napita kama mke wa waziri.

Mwezi wa tatu nikatangaza ubingwa. Nikapika pilau, nikagawa milango sita. Kumbe wale watu wana ukorofi wao! Mkimaliza mechi thelathini, timu sita za juu zinakatwa nusu ya pointi zao, halafu mnaanza kugombana upya, mechi kumi. Tumelala tunaongoza kwa pointi nane, tumeamka nne. Mama Zuhura wa ghorofa ya tisa akaniuliza, "Shoga, na lile pilau tulirudishe nusu?"

Nilicheka. Wakati huo bado nacheka.

Wiki hiyo Idrisa akanipigia. "Mamdogo, goti linaniuma. Kocha hajui, akijua ananitoa. Nakwambia wewe tu." Nikamwambia mwanangu, hilo limeingia kaburini.

Lilikaa kaburini siku nne.

Mechi ya kwanza ya zile kumi tukafungwa, na Idrisa kacheza hovyo kweli. Mama Zuhura, kinywa kimejaa chapati yangu mwenyewe: "Leo mwanao alikuwa anatafuta nini pale, hereni?" Watu kicheko. Damu ikanipanda, nikaropoka. "Ana goti bovu yule! Angekuwa mzima mngemwona!"

Nilikuwa namtetea. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa Mama Zuhura ana shemeji yake Dar, ana ukurasa wa habari za mpira kwenye mtandao. Kesho yake goti la Idrisa liko kwenye simu za watu, limechorewa mshale mwekundu. Keshokutwa kocha kamwita. Tangu hapo ni benchi, koti limefungwa mpaka kidevuni, mechi zote zilizobaki. Ubingwa tumeukosa kwa pointi moja.

Nikimpigia anapokea. "Shikamoo mamdogo. Mzima. Nzuri. Haya." Basi. Bora angenitukana.

Leo mechi ya mwisho nimeitazama peke yangu. Hakuingizwa. Nikabeba nguo chafu nikashuka londri, nikamkuta Mama Zuhura na wenzake wawili wanakunja mashuka.

"Hongera bwana! Shemeji kaandika, mtoto anahamia Uturuki!"

Nikazisukuma nguo ndani ya mashine. Nikasema, "Najua. Nilinyamaza tu."

"Wewe?" akasema. "Ujue wewe, halafu mashine hizi zisijue?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa ndani ya kapu la nguo. Nikacheka nao, nifanyeje. Nikaacha nguo zinazunguka, nikapanda juu.

Nikampigia. "Idrisa, ni kweli?"

"Kweli, mamdogo. Wiki mbili sasa. Nilitaka kukwambia, nikaogopa."

Kaniogopa. Mimi niliyekuwa nampulizia uji.

Habari za jengo hili zote zinaanzia kwangu, nani kaachika, nani kapata makaratasi, nani anadanganya ana gari. Ya mwanangu mwenyewe nimeipata chini, kwenye harufu ya sabuni, mtu wa mwisho.

Nikamwambia nisamehe baba, lile goti nililitoa mimi, kwa hasira za kijinga. Akasema, "Najua." Kumbe alijua siku zote, na shikamoo yangu akawa ananipa. Halafu akaniambia jambo lingine. Dogo tu, lake.

Nilikuwa nimeliandika hapa. Nimelifuta.

Mama Zuhura ananipigia, mara ya tatu hii. Simu inatetemeka mezani, inasogelea kikombe. Sijawahi kuacha simu iite tangu nizaliwe.

Goti lilikaa siku nne. Hili nimelikalia saa mbili na tayari ulimi unaniwasha.

Nitafika nalo Ijumaa?